Mguu umeteguka ao umevunjika? Ule unaoweza kungoja asubuhi, na ule usiongoja

Kasindi inaishi kwa miguu. Vitu ambavyo malori hayabebi vinavuka kati ya Lubiriha na Mpondwe juu ya kichwa, mgongoni ao kwenye moto. Wenye mashamba ya kakao wanapanda na kushuka milima upande wa Rwenzori, mara nyingi na kandambili, hata siku mvua imenyesha na udongo umekuwa kama sabuni. Ndiyo maana kila mtu huku anajua ile ajali ndogo: mguu umepinduka, mtu ameanguka, na baada ya dakika chache kifundo cha mguu kimevimba kama embe.

Kisha ubishi unaanza. Mmoja anasema: "Imeteguka tu, leta mafuta tukande." Mwingine anasema: "Hapana, hii imevunjika, apelekwe leo leo." Mgonjwa mwenyewe hakuna anayemuuliza.

Ubishi huu si wa bure. Toka Kasindi mpaka Beni ni kilometa karibu 80, na barabara ile ya taifa namba 4 imeona mashambulizi, hata watu hawapendi kuipita usiku. Mashine ya kupiga picha ya mfupa haiko katika kila kituo cha afya. Picha hiyo wengi huku wanaiita radio, jina moja na ile ya kusikilizia habari, na kuna wazee ambao mpaka leo wanacheka wakiambiwa "enda upigwe radio". Inalipwa, na njia ya kuifikia inalipwa pia. Familia ikikosea upande mmoja, pesa ya shule inaishia kwa mguu ambao ungepona nyumbani ndani ya wiki mbili. Ikikosea upande mwingine, mtu anachechemea maisha yake yote kwa ajili ya mfupa ambao ungewekwa sawa siku ya kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza si "imevunjika?" Swali la kwanza ni: mguu huu unaweza kungoja mpaka kuche?

Mguu usiongoja

Kuna miguu ambayo haingoji, hata kama ni saa nane ya usiku. Wa kwanza ni ule wenye kidonda juu ya mahali palipovunjika, hata kikiwa kidogo kama tundu la msumari. Mfupa unaweza kutoboa ngozi, ukarudi ndani, na watu wakaona tu damu kidogo. Kupitia tundu lile uchafu wa barabara umeingia mpaka kwenye mfupa. Mgonjwa huyu anahitaji dawa ya kuua vijidudu ndani ya masaa ya kwanza, kuoshwa kidonda vizuri hospitalini, na chanjo ya pepopunda.

Wa pili ni mguu ulioangalia pabaya: unyayo umegeuka upande, ao kifundo kimetoka mahali pake. Hapo ngozi inavutwa na mfupa toka ndani mpaka inakuwa nyeupe, na ngozi iliyovutwa hivyo inakufa.

Wa tatu ni ule ambao damu haifiki kwenye vidole. Kupima ni rahisi. Bonyeza ukucha wa kidole kikubwa mpaka ugeuke mweupe, achilia, na uhesabu moja, mbili. Rangi inapaswa kuwa imerudi. Fanya hivyo hivyo kwa mguu mzima ili ulinganishe. Kama vidole ni baridi kuliko vya mguu mwingine, vimekuwa vyeupe ao vya rangi ya majivu, ao mgonjwa hasikii ukivigusa, usibaki unajadiliana na wajomba. Misuli isiyopata damu inaanza kufa ndani ya masaa machache, 6 hivi, na baada ya hapo hata daktari mwenye mikono mizuri anaweza kulazimika kukata.

Wa nne unadanganya, sababu kwa macho hauonekani mbaya sana. Uvimbe umekuwa mgumu kama ubao, maumivu yanapanda badala ya kutulia, na ukinyoosha vidole vya mgonjwa polepole anapiga kelele. Hiyo ni damu na maji vimefungiwa ndani ya nyama na vinaminya mishipa. Inatokea zaidi kwa mtu aliyekanyagwa na gari, aliyeangukiwa na mzigo, ao aliyebanwa na moto.

Kabla ya kuondoka, vua kiatu, kikikataa, kikate. Toa bangili ya mguu na pete ya kidole mapema, sababu mguu ukivimba hazitatoka tena. Kidonda kimwagiwe maji safi mengi, kifunikwe na kitambaa safi, basi. Si majivu, si dawa ya meno, si mafuta ya moto, si udongo. Mfupa uliotoka usirudishwe ndani kwa mkono. Ufunge mguu jinsi ulivyoukuta, bila kuunyoosha: karatoni ya biskuti iliyokunjwa kama herufi L, inayoshika unyayo na kupanda mpaka karibu na goti, inafanya kazi vizuri kuliko vijiti viwili. Mto wa kulalia uliofungwa kuzunguka kifundo unafaa pia. Baada ya kufunga, pima tena ukucha. Mgonjwa asile chakula kizito, juu pengine atahitaji operesheni.

Gari ni bora. Lakini kwa wengi ambulansi ni moto, na kama hakuna njia nyingine, mgonjwa akae katikati, mtu wa tatu amshike toka nyuma na mguu ulioumia usininginie. Pale moto haifiki, kipoyi kipo, na kipoyi hakitikisi mguu kama moto. Hospitali kuu ya zoni ya afya ni ile ya Mutwanga. Walio karibu kabisa na mpaka wengine wanavuka kwenda Bwera, ng'ambo ya Mpondwe, na hao wakumbuke kwamba saa ya Uganda iko mbele kwa saa moja. Popote unapokwenda, piga simu kwanza kama una namba: mashine iko na haifanyi kazi ni kama haiko.

Kama usalama hauruhusu hata hatua moja usiku ule, mfikishe kwenye kituo cha afya cha karibu, mguu ukiwa umefungwa na umeinuliwa, na vidole vipimwe kila nusu saa. Infirmye anaweza kuosha kidonda, kuanza dawa, na katika hali ya damu kutofika kabisa yeye ndiye wa kuamua kama mguu uvutwe kurudi kwenye mstari. Si kazi ya jirani.

Kidole kwenye mfupa, hatua nne

Sasa tuseme hakuna hata moja kati ya hizo. Mguu umevimba, unauma, lakini umesimama sawa, vidole ni vya moto, ngozi haijapasuka. Usiku ule hakuna sababu ya kuhatarisha maisha ku barabara. Kinachobaki ni kujua kama asubuhi kuna haja ya radio.

Hapo ndipo kipimo cha mji wa Ottawa, huko Canada, kinasaidia. Mwaka wa 1992 daktari Ian Stiell na wenzake walitangaza kanuni fupi waliyoitengeneza kwa sababu ya shida iliyo kinyume na ya Kasindi: kule, kila mguu uliovimba ulikuwa unapigwa picha, na picha nyingi hazikuonyesha mfupa wowote uliovunjika. Walitaka kujua nani anaweza kurudi nyumbani bila picha. Kule walikuwa wanapunguza radio nyingi mno, huku watu wanachagua nani apewe ile chache iliyopo, lakini swali ni lile lile.

Kipimo kinahitaji kidole kimoja na sakafu.

Angalia kifundo cha mguu. Kina vinundu viwili vya mfupa, kimoja nje na kimoja ndani. Weka kidole kwenye ncha ya chini ya kinundu cha nje, kisha panda ukibonyeza ukingo wake wa nyuma kwa sentimita 6, upana wa vidole vitatu ao vinne. Bonyeza mfupa wenyewe, si nyama ya mbele yake. Fanya hivyo hivyo kwa kinundu cha ndani. Halafu shuka kwenye unyayo. Ukipapasa ukingo wa nje wa mguu, katikati ya kisigino na kidole kidogo, utakuta mfupa umejitokeza kidogo, bonyeza hapo. Mwishoni, upande wa ndani, mbele kidogo ya kinundu na juu ya lile shimo la unyayo, kuna mfupa mwingine uliojitokeza. Bonyeza na huo. Ni mahali pane tu.

Kisha mgonjwa ajaribu kutembea hatua nne, mbili kwa kila mguu. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa kutembea. Linaloulizwa ni kama anaweza kuhamisha uzito wake juu ya mguu ule, na pia kama aliweza mara tu baada ya kuumia.

Kama mifupa ile minne haiumi ikibonyezwa na zile hatua nne zimewezekana, karibu hakika hakuna mfupa wa maana uliovunjika. Mwaka wa 2003 watafiti walikusanya uchunguzi 27 wa kipimo hiki, wenye wagonjwa zaidi ya 15,000: kati ya wale ambao kipimo kiliwaambia hamkuvunjika, wenye mfupa uliovunjika hawakufika 2 kwa 100. Kama mfupa mmoja unauma ao hatua zimeshindikana, asubuhi apelekwe penye mashine.

Jambo moja hapa linachanganya watu, hata wauguzi wengine. Kipimo hiki kinajua sana kusema "haikuvunjika". Hakijui sana kusema "imevunjika". Wengi ambao mfupa wao unauma ukibonyezwa watapigwa picha na itaonyesha mfupa mzima. Hawakudanganywa, na pesa yao haikupotea, walinunua uhakika.

Na zile alama ambazo watu wanazitegemea mitaani? Nyingi ni dhaifu. "Anachezesha vidole, basi haikuvunjika": si kweli, kano zinazochezesha vidole zinatoka juu kwenye mguu na zinaendelea kufanya kazi hata kifundo kikiwa kimevunjika. "Ilisikika ikilia ko!": kano ikikatika inalia pia. "Imevimba sana": antorse kubwa inavimba kuliko mfupa mdogo uliovunjika. Hata kuvilia damu na kugeuka zambarau mpaka kwenye vidole ni kawaida kwa kuteguka, sababu damu inashuka.

Kuna watu ambao kipimo hakiwafai. Mtu aliyelewa kasiksi hasikii vizuri, mngojee alevuke. Aliyekwisha kudungwa sindano ya maumivu, vilevile. Mwenye jeraha lingine kubwa, kwa mfano aliyepigwa kichwa, hawezi kueleza mguu. Mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi ao aliyeugua ukoma anaweza kutembea juu ya mfupa uliovunjika bila kusikia kitu. Ukiona mguu wake umevimba, ni mwekundu na una joto kuliko mwingine, hata kama anasema hauumi, asiukanyage mpaka daktari auone.

Na watoto. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha, ndiyo inayokua. Kwa mtoto sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo mguu ukipinduka, kano inashika na mfupa ndio unaoachia. Mama akisikia "mtoto ameteguka tu", na mtoto anauma juu ya kinundu cha nje, ni afadhali aamini kwamba mfupa umeguswa mpaka ithibitishwe vingine.

Ile mifupa inayosahaulika

Kifundo kinavuta macho ya wote, na mifupa ya mguu wa chini inasahauliwa. Ule uliojitokeza ukingo wa nje ni mfano. Mguu ukipinduka kwa ndani, kano moja inauvuta na kunyofoa kipande chake. Mgonjwa anakandwa kifundo wiki nzima na huku kinachouma kiko sentimita kadhaa mbele. Kipande kikiwa kidogo, kiatu kigumu na wiki 6 mpaka 8 vinatosha. Lakini ukivunjika mbele kidogo ya hapo, unapona polepole, juu damu inayofika pale ni kidogo. Daktari Mwingereza Robert Jones aliandika juu ya mvunjiko huo mwaka wa 1902, akiwa ameumia yeye mwenyewe akicheza dansi. Mpaka leo mvunjiko ule unaitwa kwa jina lake.

Mbaya zaidi ni katikati ya mguu, pale ile mifupa mirefu ya vidole inapoungana na mifupa ya nyuma. Mtu wa moto akianguka, mguu umenaswa chini ya pedali, viungo vile vinafunguka. Kwa picha pengo linaweza kuwa dogo sana, na hata hospitali kubwa zinalipita bila kuliona. Alama yake inafaa kukumbukwa: geuza mguu uangalie chini ya unyayo. Damu iliyovilia katikati ya unyayo si ya antorse ya kawaida. Mtu huyo asikanyage kabisa, na radio ikisema "hakuna kitu" arudi tena, apigwe akiwa amesimama kama anaweza. Mguu huo ukiachwa, upinde wa unyayo unaanguka na maumivu hayaishi.

Halafu kisigino. Mkata ngazi anayeanguka toka juu ya mgazi, ao kijana anayeruka toka juu ya lori lililojaa, anatua na visigino. Kipimo cha Ottawa hakipimi kisigino. Minya kisigino kwa mikono miwili toka pande mbili. Kikiuma sana, kimevunjika mpaka ijulikane vingine. Na kila mara ulizia mgongo. Karibu mmoja kwa kumi kati ya wanaovunja kisigino kwa kuanguka hivyo amevunja pia mfupa wa uti wa mgongo, na juu mguu unamlilia zaidi, mgongo hausemi mpaka kesho yake.

Antorse nyumbani

Kuteguka ni kuvutika ao kukatika kwa kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Watu wengi wanaziita mishipa. Karibu kila mara ni zile za upande wa nje, zaidi ile ya mbele ya kinundu. Zikivutika tu, mtu anarudi kazini ndani ya wiki 1 mpaka 3. Zikichanika nusu, ni wiki 3 mpaka 6. Zikikatika kabisa, ni miezi, lakini hata hizo nyingi zinapona bila operesheni.

Siku mbili za kwanza ni za baridi. Barafu ya wauza samaki ao ya wauza vinywaji, iliyofungwa katika kitambaa, iwekwe dakika 15 mpaka 20, kisha itolewe, irudiwe kila masaa mawili ao matatu. Isigusane na ngozi moja kwa moja, inaunguza. Pasipo barafu, kitambaa kilicholowa maji ya baridi na kubadilishwa mara kwa mara kinasaidia kidogo. Mguu uinuliwe juu kuliko moyo, maana yake mgonjwa amelala na mguu uko juu ya mito miwili; kukaa kwenye kiti na mguu juu ya kigoda hakutoshi.

Bande velpo, ile inayovutika, inafungwa kuanzia karibu na vidole kupanda juu mpaka katikati ya muundi, ikibana zaidi chini na kulegea kidogo juu. Wengi wanaanza juu, na vidole vinavimba kama soseji. Kipande cha kitenge cha zamani kinaweza kuchukua nafasi yake. Vidole viachwe wazi ili vipimwe, na usiku ilegezwe.

Kwa maumivu, paracetamol ya miligramu 500: mtu mzima vidonge 2, si zaidi ya mara 4 kwa siku, na masaa 6 katikati. Ibuprofen na diclofenac zinapunguza uvimbe pia, lakini si za mama mwenye mimba, si za mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye ugonjwa wa figo. Sindano ya diclofenac ambayo watu wanaikimbilia kwenye maduka ya dawa haina nguvu ya pekee kwa antorse kuliko kidonge, na sindano iliyodungwa vibaya inaweza kuharibu mshipa wa fahamu wa mguu.

Kukanda, chanjo na waunga mifupa

Kukanda si kosa, ila kuna wakati wake. Siku mbili tatu za kwanza mishipa midogo ya damu ndani bado inavuja, na maji ya moto, mafuta ya kuwasha ao vidole vya nguvu vinaizidisha. Baada ya hapo, kama mfupa ni salama, kukanda taratibu toka vidole kwenda juu kunasukuma uvimbe. Kuvuta mguu "ili mshipa urudi mahali pake" ni jambo lingine. Katika antorse hakuna mshipa uliotoka mahali pake. Kuna uliochanika, na ukiuvuta unauchana tena. Kukata chanjo juu ya uvimbe kunafungua mlango kwa vijidudu na pepopunda mahali ambapo ngozi ilikuwa nzima.

Juu ya waunga mifupa, ukweli hauko upande mmoja. Wako karibu, wanakubali kulipwa kuku ao kidogo kidogo, na mfupa uliopasuka bila kusogea utaungana mikononi mwao sawasawa na mikononi mwa daktari, sababu mfupa unajiunga wenyewe ukitulizwa. Hatari iko mahali pawili. Hawawezi kuona mfupa uliosogea ndani ya kifundo, na kifundo hakivumilii hata milimeta chache. Na miti inayofungwa kwa kukaza inazuia damu: madaktari wa Afrika wameandika mara nyingi juu ya miguu iliyooza kwa sababu hiyo, ya watoto zaidi. Familia ikiamua kwenda kwake, iende na masharti: vidole viachwe wazi, na yeyote akisema vinakufa ganzi ao vinaumwa zaidi, fundo lifunguliwe saa ile ile bila kungoja ruhusa ya mtu. Sehemu nyingi za Afrika kuna pia desturi ya kuvunja mguu wa kuku na kungoja atembee ndipo mgonjwa atembee. Mfupa wa kuku unapona upesi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo kuku anamtangulia mgonjwa kwa wiki kadhaa.

Platre ina sheria ile ile ya vidole. Kifundo kilichovunjika kawaida kinakaa ndani yake karibu wiki 6. Siku za kwanza, maumivu yakipanda badala ya kushuka, vidole vikipoteza rangi ao vikikataa kucheza, mtu anarudi hospitalini siku ile ile, hata kama alitoka jana na amekwisha lipa. Akijikuna kwa kijiti ndani ya platre anajitia kidonda asichokiona. Na nyama ya nyuma ya muundi ikianza kuuma na kuvimba, ao pumzi ikawa fupi ghafula, pengine damu imeganda kwenye mshipa; hilo nalo halingoji asubuhi.

Kukanyaga tena

Kwa antorse, kulala wiki tatu ni kosa lililozoeleka kwa watu waangalifu. Baada ya siku mbili tatu mguu uanze kuchezeshwa: mgonjwa aandike herufi za alfabeti hewani kwa kidole kikubwa, A mpaka Z, mara kadhaa kwa siku. Akiweza kusimama bila maumivu makali, ashike ukuta apande juu ya vidole na kushuka. Kisha asimame kwa mguu mmoja ule ulioumia, nusu dakika, halafu dakika moja, mwishoni akiwa amefunga macho. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini kano iliyochanika imepoteza uwezo wa kuambia ubongo kwamba mguu unaanza kupinduka, na zoezi hili ndilo linaloufundisha tena. Wasiolifanya ndio wale wanaoteguka mguu ule ule kila msimu wa mvua.

Mikongojo, ile wengine wanaita bekiye, ipimwe ibaki nafasi ya vidole viwili ao vitatu chini ya kwapa. Uzito ni wa mikono. Anayejitupia kwapani kwa wiki kadhaa anaweza kuminya mshipa wa fahamu mpaka kiganja kinalegea. Akibaki na fimbo moja tu, aishike mkono wa upande wa mguu mzima; karibu kila mtu anaishika upande ulioumia, ndiko moyo unakomtuma.

Mwenye kubeba mizigo ajipime kabla ya kurudi Lubiriha: aruke kwa mguu ulioumia peke yake mara tano bila kushika kitu, kisha ateremke kilima bila mzigo. Kama moja kati ya hayo halijawezekana, na mfuko wa kilo 50 nao ungoje. Siku ya kuanza, aanze na nusu, na kiatu kilichofungwa kisigino.